Mkono wa Mwisho wa Pweza

Juzi nilikuwa kwenye duka moja kubwa mjini Thika nikitafuta mishumaa ya keki ya mwanangu. Nina tabia ya kunusa kitu kabla sijakinunua, basi nikafungua pakiti kidogo, na harufu ya nta ambayo haijaguswa na moto ikanipanda puani. Nilisimama pale kati ya maputo na sahani za karatasi, mwanamke mzima mwenye mume na nyumba Ngoingwa, moyo ukienda mbio, mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa. Ningemwelezaje kwamba harufu ile hunirudisha kwenye chumba kimoja cha Ruiru, mbele ya pweza ambaye hajamalizwa kushonwa, na kwamba ni vitu vichache maishani nimeviogopa kama nilivyomwogopa yule pweza?

Wenzangu wa rika langu mtanielewa upesi, kwa sababu tulilelewa na hadithi zile zile. Shuleni kwetu Kiganjo hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyewahi kuiona bahari, lakini sote tuliijua. Tulijua kwamba Mombasa kuna wanawake warembo ambao ukiwatazama miguuni unaona kwato. Tulijua kuna paka anayekusalimia kwa jina lako. Tulijua tajiri fulani, ambaye kila mtoto alimtaja kwa jina tofauti, alinunua jini ndani ya chupa, na kila mwaka lile jini likadai mtu wa nyumba yake. Hakuna aliyetuambia kwamba huko kuna watoto wanaoamshwa asubuhi kwa lazima waende shule kama sisi. Bahari ilitufikia sisi watu wa bara kwa habari zake mbaya tu, na tulizipenda sana habari hizo, hasa wakati wa mapumziko, tukiwa wengi na jua likiwaka.

Mimi nilikuwa na kitu ambacho wenzangu hawakuwa nacho. Nilikuwa na tata aliyetoka huko. Tata ndivyo tunavyomwita ndugu wa kike wa mama, na huyu wangu aliitwa Wangari, mdogo wake Mama wa kumfuata. Alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi, akitandika vitanda hotelini, kisha siku moja akarudi na sanduku moja na hakusema kwa nini. Alipanga chumba kwenye ploti moja ya Ruiru, vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja, akapata kazi ya kupika kwenye shule ya bweni. Alikuwa mkavu wa maneno. Ukimuuliza swali anakujibu hilo hilo ulilouliza, haongezi chumvi. Kanisani alionekana Krismasi, tena amekaa karibu na mlango.

Alichorudi nacho kutoka Mombasa kilikuwa ushonaji wa shanga. Aliniambia baadaye, nilipokuwa mkubwa, kwamba siku zake za mapumziko alikuwa akingoja maji ya bahari yapwe, kisha anatembea juu ya miamba akichungulia kwenye vidimbwi, na kwamba hajawahi kuona rangi kama zile. Mwanamke aliyefanya kazi naye, ambaye kwao walishona shanga kwenye viatu, alimwonyesha jinsi ya kushika sindano. Basi akawa anawashona wale viumbe kwenye kitambaa cheusi. Hakuwauza. Ukimwambia auze alikutazama kana kwamba umemwambia auze meno yake. Walikaa ukutani mwake: nyota wa baharini wa rangi ya chungwa, farasi wa baharini mwenye mkia uliojikunja, samaki bapa wa buluu aliyeitwa taa, na kaa mwekundu mwenye macho mawili meusi yaliyochomoza.

Yule kaa nilimjua. Alikuwa amekaa kwetu Kiganjo kwa muda mfupi. Mama alipokuwa mjamzito safari iliyotangulia, Tata alimshona akamleta, awe wa mtoto. Kisha Mama akaenda hospitalini na akarudi bila mtoto, na nikaambiwa nisiulize. Wiki hiyo hiyo Mama alimtoa kaa ukutani, akamfunga kwenye gazeti na kumrudishia Tata. Nilimwona akimfunga. Alimshika kwa ncha za vidole, uso umegeuzwa pembeni.

Sasa Mama alikuwa mjamzito tena, na mtoto alitaka kuja kabla ya wakati. Ndivyo nilivyoelezwa. Daktari alisema Mama alale hospitalini, Thika, asiinuke hata kwenda msalani, mpaka siku zitimie. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, akitoka kazini anaenda kukaa kando ya kitanda cha Mama. Hakukuwa na mtu wa kunitazama, shule zilikuwa zimefungwa, na shule zikifungwa Tata pia alikuwa nyumbani. Nikapelekwa Ruiru na mfuko wa nguo.

Siku ya kwanza tu nilimkuta na kazi mpya kwenye fremu. Ilikuwa fremu ya mviringo ya mbao, kitambaa cheusi kimevutwa juu yake kikakaza kama ngozi ya ngoma, na mchoro umechorwa kwa kipande cha sabuni. Kichwa kilikuwa kimeshajaa shanga za zambarau. Chini yake mikono ilikuwa imeanza kutoka, imepinda huku na huku, na kila mkono una vidoa vyeupe kwa chini. Nilimuuliza ni nini. Akasema ni pweza, ana mikono minane. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema ya mtoto wa Mama. Nilimuuliza atamaliza lini.

"Mtoto akizaliwa," akasema, na hakuinua macho.

Mtu mzima angesikia hapo mama mdogo anayemshonea mtoto zawadi. Mimi nilisikia kingine kabisa, kwamba mtoto yule amefungwa kwenye ile mikono. Niliihesabu kwenye ule mchoro na nikaona mikono mitano imejaa na mitatu bado ni sabuni tu.

Wacha niwaambie alivyoshona, kwa sababu hofu yangu ilianzia hapo. Kabla ya kutunga uzi aliupitisha kwenye kipande cha mshumaa, mara kadhaa, ili nta iushike na usijiviringe. Hakuwahi kuuwasha ule mshumaa. Ulikaa mezani mchana kutwa, mweupe, umechimbika mifereji ya uzi. Shanga zake, ndogo kama punje za wimbi, alizigawa kwa rangi ndani ya vifuniko vya soda vilivyopangwa mbele yake kwa nusu duara. Alichota kwa ncha ya sindano, na wakati wote huo midomo yake ilikuwa ikicheza. Alinong'ona. Nikimkaribia ananyamaza, nikienda mbali anaanza tena. Alikuwa anahesabu shanga, bila shaka, maana akikosea moja mkono mzima unapinda vibaya. Lakini mtoto aliyelishwa hadithi za majini akimwona mtu ana mshumaa usiowashwa, nusu duara ya vifuniko na mnong'ono, anafikiri hesabu?

Jirani yetu wa mlango wa pili aliitwa Mama Kevo. Alikuwa mnene na mwema, na nyumbani kwake chapati hazikukosekana. Sitaki mumwone vibaya. Alinipenda, na yeye mwenyewe aliogopa kweli, hakuwa anaigiza. Siku moja akikaanga, aliniuliza kama silali vibaya mle ndani na vitu vile vya ukutani. Nikasema nalala. Akaniuliza ile kazi mpya ya Tata ni ya nani.

"Ya mtoto wa Mama. Ni pweza."

Akapindua chapati. "Na yule mwingine, wa ile mara ingine, alishonewa pia?"

"Alishonewa kaa."

"Mh," akasema Mama Kevo.

Alizima jiko kabla chapati haijaiva vizuri, akaja akanishika kichwa na kuniombea kwa muda mrefu, mkono wake ukinuka mafuta. Mpaka leo nadhani kama angesema maneno mengi ningeogopa kidogo. Ile "mh" ilikuwa na nafasi ya kutosha kuingiza kila kitu.

Katikati ya wiki akanipeleka kwenye ibada yao, hema lililokuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Tata alikubali mara moja, nadhani alitaka kupumzika na maswali yangu. Kulikuwa na mhubiri mgeni, mwenye sauti iliyokauka kwa kupaza, na somo lake lilikuwa ufalme wa chini ya maji. Alisema vitu vingi tunavyovaa vimetengenezwa huko. Mikufu, bangili, shanga. Alisema vinaingia nyumbani vikiwa vizuri, vya kupendeza macho, na anayevileta huenda hata hajui amebeba nini. Kisha akashusha sauti, na hema zima likanyamaza. Wale wa baharini hawatoi kitu bure, akasema. Wanaitisha mtu wa familia. Na wanaanza na yule ambaye bado yuko tumboni, kwa sababu huyo hana jina la kumlinda.

Nilijikojolea kidogo. Nasema hivyo hivyo bila aibu, maana ndivyo ilivyokuwa. Mama Kevo alidhani nimeguswa na Roho akanishika mkono kwa nguvu.

Baada ya hapo sikuwa na saa ya raha. Huenda mnafikiri niliogopa kwamba pweza atanila. Hapana. Niliogopa kwamba Tata, bila kujua au akijua, sikuweza kuamua, alikuwa anamtoa kafara mtoto wa Mama, shanga kwa shanga, na kwamba pengine safari hii hawataridhika na mtoto peke yake. Mama alikuwa amelala tu, haruhusiwi kuinuka. Hangeweza hata kukimbia. Kila asubuhi niliamka nikatazama fremu kabla ya kuosha uso. Mkono wa sita ukajaa. Nilijaribu kila njia ya kumfanya Tata aache: nilitaka tutembee, nilitaka anisuke, nikalalamika tumbo. Alinipeleka kutembea, alinisuka, alinipa maji ya chumvi, na akirudi anakaa pale pale na kuupitisha uzi kwenye mshumaa. Alikuwa anashona kuliko kawaida yake. Hata mimi niliona. Chai ilipoa mbele yake na akaisahau.

Nadhani alichoka na macho yangu. Siku moja baada ya chakula cha mchana alivuta kiti cha pili, akaniambia nikae, tushone pamoja. Sikuthubutu kukataa. Alinitungia uzi, akanionyesha: unachota shanga mbili, unashusha sindano, unairudisha nyuma kupita katikati yake, unavuta. Aliniachia vidoa vyeupe vya mkono wa saba. Niliangusha shanga mara mbili, na Tata akasema hiyo ni kawaida kwa mtu anayeanza. Nikashona shanga chache. Kisha sindano ikapenya kitambaa na kuniingia kwenye kidole.

Sikulia. Nilitazama tu tone la damu likishuka, likaangukia kwenye kidoa cheupe nilichokuwa nimekishona mwenyewe, na likatandaa.

Tata hakushtuka kabisa. Alisema damu kwenye kitambaa haitolewi na sabuni. "Tema mate hapo. Yako wewe. Damu ya mtu inatolewa na mate yake mwenyewe, ya mwingine haiwezi."

Hiyo ni kweli, mnaoshona mnajua. Mate yako hutoa damu yako vizuri kuliko kitu kingine chochote. Lakini mimi nilikuwa mjukuu wa Cucu wetu wa Gatundu, ambaye akitubariki alijitemea mate kidogo kifuani kabla ya kusema neno, na aliyetufundisha kwamba neno likishatiwa mate limeshika, halifutiki. Na sasa Tata ananiambia nitie damu na mate juu ya kile kitu, moja juu ya nyingine. Nilimtazama usoni nione kama anajua anachonifanyia. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kupangusia.

Nikatema. Doa likatoka. Kwangu halikuwa limetoka, lilikuwa limenywewa.

Siku mbili hivi baada ya hapo, mchana, mkono wa nane ukiwa umebaki nusu, Baba akapiga simu. Tata alisikiliza amesimama. Aliuliza "saa ngapi" na "damu ilikuwa nyingi?" na "wamesema nini." Alipoikata aliniambia Mama amepelekwa thieta. Sikujua thieta ni nini. Aliniambia ni chumba ambacho daktari anamtoa mtoto. Sauti yake ilikuwa kavu kama siku zote, lakini alikuwa amevaa kiatu kimoja na kingine amekishika mkononi, na hakuonekana kujua anakwenda wapi navyo. Mwishowe akatoka nje uani, hivyo hivyo. Nilimwona dirishani amesimama karibu na kamba za nguo, amegeukia ukuta, kichwa kimeinama kama anayesema na mtu.

Nikabaki na pweza.

Kulikuwa na mwanga mwingi, saa nane hivi, jua limeingia mpaka mezani na shanga zote zinawaka. Zambarau, chungwa, vidoa vyeupe. Alikuwa mzuri mno. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba kitu kizuri hivyo kinaweza kuwa kinafanya kazi ile. Nilikaa kwenye kiti cha Tata. Nikafikiri: ameshaonja damu yangu, ana mate yangu, kwa hiyo mimi ananijua. Mtoto wa Mama hamjui. Nikainama karibu, puani nikiwa na ile harufu ya nta, na nikamwambia kwa kunong'ona, kama nilivyomsikia Tata, kwamba achukue mimi. Awaache Mama na mtoto. Nikamwambia jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani, asije akakosea.

Kisha nikatema mate kidogo kwenye mkono wa nane, ili ishike.

Simu ya pili ilikuja kabla giza halijaingia. Tata aliipokea, akaketi sakafuni hapo hapo alipokuwa, miguu imenyooka kama mtoto, akacheka kwa namna iliyomfanya Mama Kevo aje mbio kutoka kwake. Msichana. Mdogo sana, lakini analia. Mama yuko salama. Mama Kevo akaimba, Tata akamwacha aimbe, hata akampigia makofi. Walinibeba, walinizungusha. Nilifurahi, niseme ukweli, nilifurahi mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu wakanishusha chini, na nikakumbuka.

Alikuwa amekubali. Yule pweza alikuwa amekubali, na sasa zamu ilikuwa yangu.

Siwezi kuwaeleza zile siku zilizofuata, tukingoja Mama aruhusiwe kuonwa na mtoto kama mimi. Kila mtu alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa natembea nikiwa nimeshaagwa, ila hakuna aliyejua. Tata alimaliza mkono wa nane akiwa anaimba kooni. Nilikataa kuoga. Nilifikiri watanijia kupitia kwenye maji, na beseni lilikuwa ndilo maji ya karibu. Tata alinishika kwa nguvu akaniogesha, nikapiga kelele ploti nzima wakasikia, akashangaa mtoto gani mkubwa hivi anaogopa sabuni. Kalamu zangu za rangi nilimpa msichana wa mlango wa mwisho na nikamwambia asinirudishie. Nilijaribu kukumbuka nyumba yetu ya Kiganjo, kila chumba, ili nikifika huko chini niwe na kitu cha kufikiria. Na nilimwomba pweza jambo moja tu, kwamba angoje mpaka nimwone Mama.

Siku ikafika. Tata alinivalisha gauni la kanisani, akamkunja pweza ndani ya leso safi, tukaenda Thika.

Wodi ilikuwa na vitanda vingi na harufu ya dawa na uji. Mama alikuwa amepungua, midomo yake imekauka, lakini alikuwa ameketi, ameegemea mto. Mtoto alikuwa kwenye chumba kingine, ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Mama alinifungulia mikono na sikwenda. Nilisimama mwisho wa kitanda nimeshika chuma. Tata akafungua leso, akamtandaza pweza juu ya blanketi, na nilimwona Mama akivuta pumzi na kuizuia. Alikuwa anamkumbuka kaa. Najua sasa. Wakati ule niliona tu kwamba Mama pia anaogopa, na kwamba muda wangu umekwisha.

"Mama, nimekuja kukuaga," nikasema.

"Kwani unaenda wapi?"

"Baharini."

Tata akaanza kucheka, kisha akaniona uso akaacha. Nikasema yote. Nililia nikisema, kwa hiyo mengine nililazimika kuyarudia: hema, chapati, mikono minane, damu, mate, thieta, na jinsi nilivyokaa kwenye kiti cha Tata nikataja majina yangu. Mwanamke wa kitanda cha pili aligeukia ukuta kwa heshima. Tata alikuwa amesimama tu. Nilipofika pale niliposema kwamba mimi na Mama Kevo tulidhani anamtoa mtoto kafara, alifumba macho.

Mama hakunicheka, na hakuniambia huo ni ujinga. Alinivuta kwa mkono mpaka nikapanda kitandani na viatu vyangu.

"Shiru, sikiza. Mtoto haapi. Mtoto akiapa, mama yake ndiye anaulizwa. Na mimi sikuulizwa."

"Lakini nilitia mate."

"Hata kama. Hiyo maneno yako bado ni yangu mpaka ukue." Akanipangusa pua na kiganja chake. Kisha akasema, polepole, akitazama blanketi na si mimi: "Hata mimi nilisema hivyo. Wakinisukuma kuingia mle, nilimwambia Mungu anichukue, amwache mtoto."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za Ruiru, kuliko hemani, kuliko mbele ya fremu. Nilikuwa nimefikiri Mama ni mtu wa kuchukuliwa, kwamba kuna kitu kinamvuta na yeye anashikilia. Sikuwa nimefikiri kwamba angeweza kufungua mkono mwenyewe, kwamba mle ndani aliniweka pembeni kidogo, mimi niliye na jina na meno na kalamu za rangi, akakubali kwenda. Nilimshika shingo nikakaza. Mpaka leo, nikiwa na mtoto wangu, sijui kama ningemlaumu au ningefanya hivyo hivyo, na swali hilo bado linanitisha.

Mama aliniacha nimkabe. Alisubiri nipumue.

"Sasa tunarudisha," akasema. "Wewe rudisha yako, na mimi yangu. Sema, nimebadilisha mawazo."

"Nimebadilisha mawazo," nikasema.

"Kwa nguvu."

"Nimebadilisha mawazo."

"Na mimi nimebadilisha mawazo," akasema Mama, akitazama juu kwenye dari, kwa ile sauti yake ya kumrudishia mwenye duka unga ulioharibika. Alingoja kidogo, kana kwamba anampa mtu nafasi ya kubisha. Hakuna aliyebisha.

Kisha akageuka kumtazama mdogo wake. Tata alikuwa ameokota pweza kutoka kwenye blanketi na alikuwa anamkunja, mkono mmoja juu ya mwingine, kwa uangalifu mwingi kuliko ilivyohitajika.

"Wangari," akasema Mama. "Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Nakujua. Siku ile ulisema nini Baba Shiru alipokata simu?"

Tata aliendelea kukunja, akafika mwisho, hakukuwa na cha kukunja tena. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akitugeuzia mgongo, na nikaona mabega yake, yale mabega makavu yasiyotikiswa na chochote, yakishuka.

"Nimebadilisha mawazo," akasema Tata.